Kufuatilia bata wa eida kwenye viota vyao Svalbard: mwongozo kamili wa msimu mmoja

Eida jike akishaanza kuatamia, kula kumekwisha. Anakaa juu ya mayai siku 24 hadi 26, ananyanyuka mara chache tu kwenda kunywa maji, na hadi vifaranga vitoke amepoteza kama theluthi ya uzito wake. Dume hashiriki kabisa. Muda si mrefu baada ya mayai kukamilika anajiondokea kwenda baharini kubadili manyoya. Kwa hiyo kila mara mtu anapomwinua jike kwenye kiota, mwenye kulipa ni yeye: akiba ya mwilini, joto la mayai, na mara nyingine yai lenyewe, kwa sababu shakwe wamekwisha kujifunza kumfuata binadamu wakijua nyuma yake kuna mlo.

Mwongozo huu umepangwa kwa hesabu hiyo. Utakuta humu jinsi ya kuhesabu viota, kukadiria umri wa mayai, kumshika jike na kukokotoa mafanikio ya uzazi. Lakini kabla ya kila hatua jiulize kama unachokitafuta kinatosha kumfanya bata ainuke. Mara nyingi jibu ni hapana, na kazi yako inazidi kuwa nzuri ukilikubali jibu hilo mapema.

Nimechagua sehemu moja, ghuba ya Kongsfjorden, upande wa magharibi wa Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo kaskazini kabisa, karibu latitudo 79 Kaskazini. Kijiji cha utafiti cha Ny-Ålesund kiko ukingoni mwa ghuba hiyo, na visiwa vidogo vilivyo mbele yake, Lovénøyane na vinginevyo, ndivyo eida wanakotagia. Norwei, Ujerumani na Ufaransa, Uholanzi, Uingereza, Italia, India na nchi nyingine zina vituo pale. Wanafunzi wetu walioko kwenye vyuo vya nchi hizo wanaweza kujikuta wasaidizi wa msimu, na ni hao niliowalenga.

Makaratasi kwanza, tena mapema

Anza kiangazi kilichotangulia, au angalau miezi sita kabla. Mradi huandikishwa kwenye mfumo wa Research in Svalbard. Ukitaka kushika ndege au kuingia hifadhini unahitaji kibali cha Gavana wa Svalbard, na ukitaka kutoa damu au kufunga kifaa chochote mwilini mwa ndege unahitaji pia idhini ya Mattilsynet, mamlaka ya Norwei inayosimamia majaribio kwa wanyama. Hivi ni vibali viwili tofauti. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Hifadhi za ndege za Svalbard zilianzishwa mwaka 1973, na Kongsfjorden ni mojawapo. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ni marufuku kufika ndani yake, hata kwa boti, umbali wa chini ya mita 300 kutoka ufukweni. Huo ndio msimu wenyewe wa kutaga, kwa hiyo bila kibali mkononi hakuna kazi. Kichapishe, kitie kwenye mfuko wa plastiki, kikae ndani ya boti.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo asikilize hili kwa makini. Svalbard yenyewe haidai viza, lakini iko nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na huwezi kufika huko bila kupita Norwei bara. Ukipewa viza ya kuingia mara moja, ukitoka Tromsø, Norwei bara, kwenda Longyearbyen, mji mkuu wa Svalbard, umeshaitumia, na mlango wa kurudi umefungwa. Omba viza ya kuingia mara mbili au zaidi, na uhakikishe imeandikwa hivyo kabla hujaondoka dirishani.

Jambo jingine linalowashtua wageni: Ny-Ålesund ni eneo la ukimya wa redio. Kuna kituo cha kupima umbo na mwendo wa dunia kinachosikiliza mawimbi hafifu kutoka anga za mbali, kwa hiyo ndani ya kilomita 20 Wi-Fi na Bluetooth haziruhusiwi. Simu inawekwa kwenye hali ya ndege. Saa ya mkononi inayoongea na simu, vipokea sauti vya masikioni visivyo na waya, kipanya cha kompyuta, kamera inayotuma picha hewani: vyote vizimwe au viachwe nyumbani. Kama mradi wako unatumia kifaa cha kurusha mawimbi, omba ruhusa ya masafa wakati ule ule wa kuomba vibali vingine.

Vifaa

Orodha ya nguo utapewa na kituo, sitairudia. Nitataja vile ambavyo watu husahau au hununua vibaya.

Daftari la karatasi isiyolowa na penseli. Kalamu ya wino hugoma kwenye baridi, na skrini ya kugusa haisikii glavu. Chukua penseli nyingi; zinaanguka kwenye nyufa za miamba wala huzioni tena. Glavu mbili mbili: nyembamba za kuandikia ndani, nene juu. Chombo cha plastiki chenye kuonyesha ndani, cha kupimia jinsi mayai yanavyoelea, pamoja na chupa ya maji ya uvuguvugu. Mizani ya kuning'iniza inayofika kilo 3, kwa sababu jike mzito mwanzoni mwa kuatamia anaweza kupita kilo 2. Rula ya kupimia bawa, kalipa, mfuko wa kitambaa wa kupimia uzito. Betri za lithiamu kwa kila kitu; za kawaida hufa haraka kwenye baridi. Na fimbo ndefu kuliko wewe. Buabua wa Aktiki wanaotaga kwenye visiwa hivyo hivyo hushambulia kichwa cha mtu, na hulenga kilicho juu zaidi. Inua fimbo, wataipiga fimbo.

Dubu, kisha maji

Hakuna atokaye nje ya kijiji bila bunduki na kifaa cha kufukuzia dubu, kwa kawaida bastola ya fataki. Utapewa mafunzo na kufanyiwa jaribio la kulenga shabaha. Hata kama hujawahi kugusa silaha maishani, usione aibu kusema. Walimu wamezoea, na mwenye kujifanya anajua ndiye anayewatia hofu.

Katika kazi ya viota macho yako yako chini muda wote, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwa hiyo kikundi kiwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia tu. Hahesabu, haandiki, hashiki ndege. Anasimama mahali palipoinuka na darubini na kuzunguka na macho: ufukwe, barafu, maji. Dubu anaogelea vizuri, na kichwa chake majini hufanana na kipande cha barafu mpaka kigeuke. Mpokezane kila baada ya saa moja, maana jicho likichoka linaona kile linachotarajia.

Siku hizi dubu wanafika visiwani hasa kwa ajili ya mayai. Barafu ya baharini inapopungua mapema, uwindaji wa sili unakuwa mgumu, na kisiwa chenye mamia ya viota ni karamu. Kabla ya kutia nanga zunguka kisiwa kizima kwa boti, polepole, mkichunguza kila bonde. Mkimwona dubu, safari ya siku hiyo imekwisha. Tangu mwaka 2025 sheria inataka umbali wa angalau mita 300 kutoka kwa dubu, na mita 500 kuanzia Machi 1 hadi Juni 30. Bunduki ni ya kuokoa maisha pale njia nyingine zote zimeshindikana, na kila dubu anayeuawa huchunguzwa na ofisi ya Gavana.

Kuhusu maji: nyuzi joto chache tu juu ya sifuri. Vaa suti ya kuokolea wakati wote uwapo kwenye boti, hata bahari ikiwa shwari kama sahani. Redio ya VHF iwe kwa watu wawili tofauti, si zote mbili kwenye mkoba mmoja. Acha ratiba ya kurudi kituoni na uifuate. Upepo kutoka kwenye barafu za nchi kavu huweza kuanza ghafla ghubani, na ukitazama nahodha anakunja uso, usimbembeleze akupe nusu saa zaidi.

Mei: kuhesabu ukiwa mbali

Hesabu ya kwanza haimgusi ndege hata kidogo. Kabla ya kutaga, madume yenye rangi nyeusi na nyeupe huelea kando ya visiwa pamoja na majike ya kahawia. Ukiwa ufukweni na darubini ya miguu mitatu, hesabu madume peke yao na majike peke yao, andika saa, upepo, hali ya maji na barafu. Rudia kwa siku kadhaa kwenye saa zile zile. Dume huonekana kirahisi, kwa hiyo idadi yao inakupa picha ya jozi zilizofika. Ikichelewa hesabu hii, madume yanakuwa yameanza kuondoka, na takwimu inapoteza maana.

Andika barafu kila siku, hata siku ambazo hakuna bata wa kuandika. Kisiwa kikiwa bado kimeshikamana na nchi kavu kwa barafu, mbweha wa Aktiki anavuka kwa miguu, na eida huahirisha kutaga au hukihama kisiwa kabisa. Barafu ikivunjika mapema, visiwa vinafunguka mapema. Tangu majira ya baridi ya 2005/06 maji ya uvuguvugu ya Atlantiki yamekuwa yakiingia zaidi Kongsfjorden na barafu hiyo imepungua sana. Mtu atakayesoma takwimu zako miaka 20 ijayo atataka kujua barafu ilikatika tarehe gani kabla hata hajauliza idadi ya viota.

Juni: kuingia kisiwani

Panga ziara mbili, tatu zikizidi. Ya kwanza iwe wakati majike mengi yamekamilisha mayai, kwa kawaida katikati ya Juni, ila sikiliza barafu na si kalenda. Usiingie kwenye mvua, theluji au upepo mkali, hata kama siku zinayoyoma.

Tembeeni kwa mstari mmoja, watu watatu hadi watano, mkiachana mita chache, kutoka ncha moja ya kisiwa hadi nyingine. Polepole ni lazima. Ukimkaribia jike taratibu na kwa pembeni, mara nyingi hutembea kuondoka, na akipata nafasi hufunika mayai. Ukimshtua anaruka, na akiruka huyanyea mayai. Kinyesi hicho ni cha kijani, cha mafuta, na harufu yake itakaa kwenye glavu zako msimu mzima. Usijaribu kuyasafisha mayai.

Kiota chenyewe ni kishimo kilichojazwa manyoya laini ambayo jike ameyanyonyoa kifuani mwake. Ingiza kidole kwenye ukingo wake, chini ya manyoya, utasikia joto hata kama bata kaondoka dakika nzima. Mayai ni ya kijani kibichi kinachoelekea zeituni, kila moja karibu gramu 100, na kwa kawaida huwa manne au matano, mara nyingine matatu au sita. Ukikuta mengi zaidi ya hapo, huenda jike mwingine naye katagia humo, liandike hilo.

Kwenye kila kiota fanya haya bila kusimama kufikiri: hesabu mayai, gusa kama ni ya moto au baridi, pima umri wa yai moja au mawili, weka alama, funika mayai yote kwa manyoya yake mwenyewe, ondoka. Kufunika ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Shakwe mkubwa wa Aktiki anaona yai lililo wazi kutoka mbali, naye hangoji mfike mbali. Kama shakwe wameanza kukusanyika juu yenu, simamisheni kazi upande huo, ondokeni, majike yarudi.

Alama iwe ndogo: kijiti chenye namba, kichomekwe chini kwenye ukingo wa kiota, kisionekane na ndege apitaye juu. Bendera za rangi huwa zinawapendeza watafiti na wawindaji wa mayai pia. Usitegemee GPS peke yake. Inakosea mita kadhaa, na viota vya eida huweza kuwa karibu zaidi ya hapo. Chora ramani ya mkono yenye mawe makubwa, na upige picha kiota kikiwa na namba yake.

Usichanganye viota vya bata bukini wanaotaga visiwa hivyo hivyo. Mayai yao ni meupe. Eida ni ya kijani.

Umri wa yai

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuliangalia yai dhidi ya jua kupitia mrija mweusi uliobana ganda: mwanzoni kiini kinaonekana kama kivuli laini, baadaye mishipa ya damu, na mwishoni yai lote ni giza isipokuwa mfuko wa hewa. Ya pili ni kulitia kwenye maji ya uvuguvugu. Yai changa hulala ubavu chini. Siku zinavyosonga, upande butu wenye hewa hunyanyuka, yai likasimama wima, kisha likaachana na sakafu na kuelea, butu likichungulia juu ya maji. Kwanza lisogeze sikioni: ukisikia mlio wa kifaranga, au ukiona ufa, yai hilo haliingii majini kamwe.

Kutokana na umri unapata tarehe zote. Eida hutaga takriban yai moja kwa siku. Tuseme Juni 12 umekuta mayai manne yenye siku sita za kuatamiwa. La mwisho lilitagwa Juni 6, la kwanza Juni 3, na vifaranga watarajie kama Julai 1. Sasa unajua lini usiende, yaani siku za kuanguliwa, vifaranga wakiwa bado wanakauka.

Kumshika jike

Kama mradi hauhitaji uzito au damu, ruka sehemu hii na ufurahi. Kama unahitaji, ngoja hadi nusu ya pili ya kuatamia. Jike aliyeshikwa mwanzoni, mayai yakiwa mageni, ni mwepesi kukitelekeza kiota. Aliyekwisha kuwekeza wiki mbili hukaa imara, wakati mwingine kiasi cha kushangaza.

Chombo ni ufito mrefu kama wa kuvulia samaki, wenye kitanzi cha nailoni mwishoni. Unajongea ukiwa umeinama, unapitisha kitanzi shingoni polepole, unavuta. Mwenzako anafunika mayai papo hapo. Mfunike ndege kichwa kwa soksi au kitambaa chepesi, atatulia. Pima uzito, bawa, mfupa wa mguu. Mvishe pete ya chuma kisichoshika kutu, maana maji ya chumvi hula alumini. Mmoja apime, mwingine aandike na kurudia namba kwa sauti. Pete ukiisoma mara mbili ndiyo imesomwa. Eida huishi zaidi ya miaka 20 na majike hurudi kutaga kisiwa kile kile, kwa hiyo tarakimu moja uliyoikosea inamzalia mtafiti wa baadaye ndege asiyekuwepo.

Julai: nini kilitokea kiotani

Rudi siku chache baada ya tarehe uliyotarajia. Vifaranga huondoka kiotani ndani ya siku moja hivi na kufuata mama majini, kwa hiyo utasoma mabaki. Kiota kilichofanikiwa kina vipande vidogo vya ganda na utando mkavu, mgumu kama ngozi, uliojitenga na ganda. Shakwe huacha maganda yenye tundu na ute wa kiini. Mbweha hubeba yai zima kwenda kulifukia, kwa hiyo kiota kitupu kabisa, manyoya yakiwa bado yametulia, humtaja yeye. Dubu huacha viota vimebanwa chini, manyoya yametapakaa, na mara nyingi kinyesi chenye maganda ndani. Kama huna hakika, andika "haijulikani". Safu hiyo haina aibu, na takwimu zenye "haijulikani" chache mno hunitia shaka.

Kamera za kutegesha zinaweza kuchukua nafasi ya ziara nzima. Ziwekwe mita kadhaa kutoka kiotani wakati wa ziara ya kwanza, zipige picha kila baada ya dakika chache, na kadi ichukuliwe mwishoni. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu cha ziada, nunua kamera.

Hesabu ya mafanikio

Hapa wengi hujidanganya. Chukua mfano wa kubuni: viota 40, vilivyoharibika 6. Utasema asilimia 85 vimefaulu. Lakini vingi uliviona siku chache tu, na vilivyoharibika kabla hujafika hukuviona kabisa. Mbinu ya Mayfield, ya mwaka 1961, inahesabu siku: jumlisha siku ambazo kila kiota kilikuwa chini ya uangalizi. Tuseme zimefika 300. Hasara 6 kwa siku 300 ni 0.02, kwa hiyo kila kiota kina uwezekano wa 0.98 wa kuvuka siku moja. Izidishe 0.98 kwa yenyewe mara 25, unapata takriban 0.60. Ni asilimia 60, si 85. Programu za kisasa hufanya zaidi ya hapo, lakini kama hesabu hii ya mkono haikukai kichwani hutajua programu inapokosea.

Ndege waliokufa

Homa ya mafua ya ndege ilithibitishwa Svalbard mwaka 2022, na kule Kanada, kwenye kisiwa cha Mitivik huko Nunavut, kipindupindu cha ndege kiligunduliwa kwa eida mwaka 2005 na kikaua majike mengi yakiwa juu ya viota. Ukikuta mizoga kadhaa ya ndege wakubwa, usiguse. Piga picha, andika mahali na idadi, ondokeni wote, mtoe taarifa kwa ofisi ya Gavana siku hiyo hiyo. Gambuti na mifuko vioshwe na kutiwa dawa kabla ya kukanyaga kisiwa kingine. Mbweha mfu au asiyeogopa watu naye aachwe: kichaa cha mbwa kipo Svalbard.

Kulala, na sala

Toka katikati ya Aprili hadi mwishoni mwa Agosti jua halizami Ny-Ålesund. Mwili hauambiwi saa, kwa hiyo uuambie mwenyewe: pazia zito, saa ya kulala isiyobadilika, na hakuna safari ya boti baada ya saa fulani mliyokubaliana. Waislamu mtakutana na swali la Maghribi isiyofika. Wapo wanaofuata nyakati za mji wa karibu wenye usiku na mchana, wapo wanaofuata za Makka. Muulize shehe wako kabla ya kuondoka, si ukiwa juu ya mwamba. Mlangoni utavua viatu hata kwenye majengo ya ofisi, desturi iliyobaki tangu enzi za wachimba makaa. Vaa soksi nzima.

Kufunga msimu

Ng'oa kila kijiti na uvihesabu dhidi ya daftari. Piga picha kila ukurasa jioni ile ile, nakili kwenye diski mbili zinazosafiri kwenye mizigo tofauti. Weka sifuri pale ulipotafuta usipate, na acha wazi pale usipotafuta. Hivi viwili vikichanganyika havitenganishiki tena. Ripoti ya kibali ina tarehe ya mwisho, nayo hudai idadi ya ndege walioshikwa, waliojeruhiwa na viota vilivyotelekezwa kwa sababu yenu. Jaza safu hiyo ya mwisho kabla hamjatawanyika, wakati kila mmoja bado anakumbuka ni kiota kipi.